Tungamo na Ukakamavu katika Mtetemo wa Madaraja: Historia ya Fikra na ya Majina Yake

Katika mazungumzo ya kila siku daraja lina uzito mmoja. Chuma chake chaweza kupimwa kabla ya kuunganishwa, zege lake laweza kuhesabiwa kwa tani, na jumla ya hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu ya mahali aliposimama mpimaji. Lakini wahandisi wanaochunguza mtetemo husema kwamba daraja hilohilo lina matungamo mengi na ukakamavu wa namna nyingi. Husema tena kwamba tungamo moja laweza kuwa nusu ya daraja zima, na kwamba likihesabiwa kutoka mahali pengine laweza kulizidi daraja lenyewe. Msomaji asiyeizoea fani hiyo hudhani kwamba hapa pana ama kosa la hesabu ama mchezo wa maneno. Kwa hakika si kosa wala si mchezo. Ni fikra iliyochukua karne mbili na zaidi kukomaa, na manufaa yake yalidhihirika katika madaraja yaliyoyumba na mengine yaliyoanguka. Makala haya yaeleza jinsi fikra hiyo ilivyozaliwa, na kwa nini Kiswahili, kinapotaka kuifundisha, hakina budi kuchagua majina yake kwa hadhari.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno uzito latosha sokoni, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wawili wamesimama juu ya dunia ileile na kuvutwa nayo kwa kadiri ileile. Fizikia hutaka zaidi. Uzito ni nguvu ya dunia juu ya kitu. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu hicho, nao ndio unaokifanya kikatae kuanza mwendo na kikatae kuuacha. Kitu kikipelekwa mwezini, uzito wake hupungua hadi kuwa kama sehemu moja kwa sita, lakini tungamo lake hubaki vilevile. Neno tungamo latokana na kitenzi tungama, ambacho msemaji wa Kiswahili hukitumia kwa damu au maziwa yanayoshikamana yakawa kitu kizima. Limechaguliwa vizuri, kwa kuwa linaelekeza fikra kwenye maada yenyewe, wala si kwenye kuvutwa kwake.

Neno la pili lina matata zaidi. Ugumu katika Kiswahili huchukua maana nyingi: jiwe ni gumu, mkate wa jana ni mgumu, mtihani ni mgumu, na mtu bahili ana mkono mgumu. Mhandisi hutenga mambo matatu ambayo neno hilo huyachanganya. Kitu kisichokwaruzika kina ugumu. Kitu kisichokatika upesi kina nguvu. Na kitu kisichopindika upesi kina ukakamavu. Neno hili la tatu latokana na kakamaa, kama ngozi mbichi inavyokakamaa ikianikwa juani. Rula ya chuma yaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ikilazwa bapa hupindwa kwa kidole kimoja. Ikisimamishwa kwa ukingo wake haipindwi hata kwa mikono miwili. Chuma ni kilekile, na ugumu wake ni uleule, ila ukakamavu umebadilika kwa sababu namna ya kupinda imebadilika. Mwanafunzi aliyekwisha kuielewa rula hii amekwisha kushika nusu ya jambo linaloelezwa hapa.

Utengano wa uzito na tungamo haukupatikana kwa kufikiri tu. Mwaka wa 1672 Mfaransa Jean Richer, alipokuwa Cayenne karibu na ikweta, aligundua kwamba saa yake ya pendulamu, iliyokuwa sahihi Paris, ilichelewa kwa kadiri ya dakika mbili na nusu kila siku. Chuma cha pendulamu hakikupungua baharini. Kilichopungua ni mvuto. Isaac Newton alilitumia jambo hilo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1687, na humo akautenga wingi wa maada na uzito wake. Miaka tisa kabla yake, mwaka wa 1678, Robert Hooke alikuwa amekwisha kutangaza kanuni ya springi: kadiri nguvu inavyozidi, ndivyo springi inavyozidi kurefuka, kwa uwiano uleule. Uwiano huo ndio ukakamavu wa springi.

Kutokana na mambo hayo mawili palizaliwa mfano rahisi kuliko yote: kitu kimoja kilichotundikwa juu ya springi moja. Kikivutwa na kuachwa, hupanda na kushuka kwa marudio yake maalumu. Ukakamavu ukizidi, mwendo huwa wa haraka. Tungamo likizidi, huwa wa polepole. Hasa, mraba wa marudio hulingana na ukakamavu uliogawanywa kwa tungamo. Kwa hiyo anayetaka kuyafanya marudio kuwa mara mbili hana budi kuufanya ukakamavu kuwa mara nne. Lakini daraja si kitu kimoja juu ya springi moja. Kila kipande chake ni tungamo, na kila kipande chake ni springi, na vyote vimeungana. Basi ni tungamo lipi litakaloingizwa katika kanuni hiyo?

Jibu lilianza kutafutwa katika muziki. Mwaka wa 1701 Joseph Sauveur alieleza jinsi uzi wa chombo cha muziki unavyoweza kutetema wote pamoja, au kwa kugawanyika katika nusu mbili, au katika theluthi tatu, huku mahali pa mgawanyo pakiwa pametulia kabisa. Mwaka wa 1713 Brook Taylor alikokotoa marudio ya uzi katika sura yake ya kwanza. Kisha Daniel Bernoulli, katika miaka ya 1730, alichunguza mnyororo uliotundikwa kwa ncha moja akaona kwamba nao una sura nyingi za kutetema, kila moja na marudio yake. Mwaka wa 1753 akatoa dai lililozua mabishano makali: kwamba mtetemo wowote wa uzi, hata uonekane umevurugika namna gani, ni mchanganyiko wa sura hizo sahili zinazotokea pamoja bila kuingiliana. Leonhard Euler na Jean d'Alembert hawakulikubali kwa ujumla wake. Hata hivyo Joseph-Louis Lagrange, katika kitabu chake cha umekanika cha mwaka wa 1788, aliweka misingi ya kuchunguza mitetemo midogo ya mfumo wowote, na mwaka wa 1822 Joseph Fourier, akishughulika na joto, akalitia dai la Bernoulli nguvu mpya.

Wakati huohuo sura hizo ziliweza kuonekana kwa macho. Ernst Chladni, Mjerumani, alichapisha mwaka wa 1787 majaribio yake ya kunyunyizia mchanga laini juu ya bamba la chuma na kulipiga ukingoni kwa upinde wa fidla. Mchanga ulihama kutoka sehemu zilizotetema ukajikusanya katika mistari iliyotulia, na kwa kila sauti mpya ukachora picha mpya. Bamba lilikuwa moja, mchanga ulikuwa mmoja, lakini sura zilikuwa nyingi. Chladni alizionyesha mbele ya Napoleon mwaka wa 1809. Zawadi ikatangazwa Paris kwa atakayeeleza hesabu yake, na mwaka wa 1816 aliyeipata alikuwa Sophie Germain, mwanamke aliyejifunza hisabati bila kuruhusiwa kuingia katika vyuo vya wakati wake.

Hayo yote yalikuwa mambo ya nyuzi na mabamba. Wajenzi wa madaraja walikuja kuyakabili kwa njia nyingine. Tarehe 12 Aprili 1831 askari 74 walivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester, wakipiga hatua kwa pamoja. Daraja likaanza kuchezacheza chini ya miguu yao, nao, kama inavyosimuliwa, wakafurahia na kukaza hatua, hata bolti moja ikavunjika na upande mmoja ukaanguka mtoni. Watu wapatao 40 walitumbukia, hakufa mtu. Tangu hapo jeshi la Uingereza likaamuru askari wavunje hatua wanapovuka daraja la namna hiyo.

Amri hiyo ilikuwa njema, ila ilikuwa na upungufu. Tarehe 16 Aprili 1850 kikosi cha askari wa Ufaransa kilivuka daraja la Basse-Chaîne mjini Angers wakati wa dhoruba. Walikuwa wameamriwa kuvunja hatua. Lakini daraja lilikuwa tayari linayumbishwa na upepo, na watu wanaotembea juu ya sakafu inayoyumba hulazimika kuifuata ili wasianguke. Nyaya zilizolishikilia daraja zilikuwa zimeliwa na kutu mahali zilipofukiwa. Zikakatika, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kutu ndiyo iliyolidhoofisha daraja, lakini tukio hilo lilionyesha pia kwamba kukataza hatua za pamoja si sawa na kuujua mtetemo. Aliyetoa amri alijua kwamba daraja lina marudio yake. Hakuwa na njia ya kukadiria ni kiasi gani cha daraja kilichokuwa kikishiriki katika mwendo, na kwa hiyo ni watu wangapi waliotosha kulitikisa.

Aliyeiweka njia hiyo mikononi mwa wahandisi ni John William Strutt, ajulikanaye zaidi kama Lord Rayleigh. Mwaka wa 1872 alikuwa amedhoofishwa na ugonjwa, akasafiri kwenda Misri kutafuta afya, na akiwa chomboni katika mto Nile akaanza kuandika kitabu chake juu ya nadharia ya sauti. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1877. Humo alikitazama kitu kinachotetema kwa upande wa nishati. Kinapofika mwisho wa kupinda kwake, kwa nukta moja kimesimama, na nishati yake yote imo katika kupinda. Kinapopita katikati, hakikupinda hata kidogo, na nishati yake yote imo katika mwendo. Nishati hizo mbili hazina budi kulingana, na kutokana na ulinganifu huo marudio hupatikana.

Hapa ndipo swali la tungamo lilipopata jibu. Chukua daraja la miguu lenye urefu wa mita 50 na tungamo la tani 100, lililo sawa urefu wote, na lililoegemea nguzo mbili kwenye ncha zake. Katika sura yake ya kwanza, sehemu ya katikati hupanda na kushuka kuliko zote, na ncha hazisogei. Tani iliyo katikati hushiriki kikamilifu. Tani iliyo karibu na nguzo hushiriki kidogo mno, kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi: kipande kinachokwenda nusu ya mwendo wa katikati huhesabiwa kuwa robo tu. Vipande vyote vikijumlishwa kwa kipimo hicho, jibu ni tani 50, yaani nusu kamili. Hilo ndilo linaloitwa katika makala haya tungamo la sura. Kwa njia hiyohiyo nishati ya kupinda hujumlishwa ikapatikana springi moja iliyo badala ya daraja zima, na huo ni ukakamavu wa sura. Ikiwa daraja hilo hutetema mara 2 kwa sekunde, ukakamavu huo ni kama nyutoni milioni 7.9 kwa mita. Mfumo wenye vipande visivyohesabika umegeuka kuwa kitu kimoja juu ya springi moja, kama ule wa zamani za Hooke na Newton.

Sura ya pili ya daraja hilohilo hugawanyika katikati: nusu moja hupanda wakati nusu nyingine ikishuka. Tungamo la sura ni lilelile tani 50, lakini boriti imekunjwa zaidi, na ukakamavu wa sura umekuwa mara 16. Kwa hiyo marudio ni mara 4. Mnara ulio sawa urefu wote na kukitwa chini tu una hesabu nyingine: ukipimwa kutoka kileleni, tungamo la sura yake ni robo ya tungamo zima. Rayleigh alionyesha tena kwamba si lazima sura ijulikane kwa ukamilifu. Mtu akikisia sura ya mnara huo kuwa ile inayopatikana ncha yake ikisukumwa taratibu kwa mkono, atapata tungamo la sehemu 33 kwa 140 badala ya robo, na marudio yake yatazidi ya kweli kwa kadiri ya asilimia 1.5 tu. Kosa dogo katika sura huzaa kosa dogo zaidi katika marudio, na makisio ya marudio ya chini kabisa hayapungui kamwe chini ya kweli. Walter Ritz aliiendeleza njia hiyo akaitumia mwaka wa 1909 kwa mabamba ya Chladni, nayo bado ni sehemu ya msingi wa hesabu zinazofanywa na kompyuta.

Limebaki jambo linalowatatiza wanafunzi wengi. Tani 50 zilipatikana kwa kuchukua mwendo wa katikati kuwa kipimo cha 1. Mtu akichukua mahali pengine kuwa kipimo, mathalan robo ya urefu wa daraja, tungamo la sura huwa tani 100. Akichukua mahali palipo kama mita 1.6 kutoka nguzoni, ambapo mwendo ni sehemu moja kwa kumi ya ule wa katikati, huwa tani 5,000. Ukakamavu nao hukua kwa kadiri ileile, ili mgawanyo wao, na marudio yake, ubaki bila kubadilika. Je, hesabu hiyo ni ya kubuni tu? Hapana. Mlango husukumwa kwa urahisi penye kitasa, lakini anayeusukuma karibu na bawaba huuona mzito mno, ingawa mbao zake hazikuongezeka. Vivyo hivyo mtu anayeruka katikati ya daraja anakabiliana na tani 50, na anayeruka karibu na nguzo anakabiliana na tani 5,000. Tungamo la sura hueleza uzito ambao daraja huonyesha kwa yule anayelitikisa, katika sura ile na mahali pale. Likitajwa bila sura wala mahali, ni tarakimu isiyo na maana.

Daraja la Tacoma Narrows, huko Marekani, lilifanya somo hilo lionekane na ulimwengu mzima. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940, nafasi yake kuu ikiwa na urefu wa mita 853, na mihimili yake ya pembeni ikiwa na kimo cha mita 2.4 tu. Tangu mwanzo lilikuwa likipanda na kushuka kwa upepo, na watu wakalizoea. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 1940, kwa upepo wa kilomita kama 65 kwa saa, lilikuwa likipanda na kushuka kwa mawimbi mengi, kama mara 38 kwa dakika. Baada ya saa nne za asubuhi sura ilibadilika ghafla. Barabara ikaanza kujisokota, upande mmoja ukiinuka wakati mwingine ukizama, kama mara 12 hadi 14 kwa dakika. Profesa F. B. Farquharson aliweza kutembea juu ya mstari wa katikati ya barabara, kwa kuwa katika sura hiyo mstari huo ulisogea kidogo sana, huku kingo zikipanda na kushuka kwa mita kadhaa. Karibu na saa tano nafasi ya kati ikaanguka.

Haifai kulinganisha tukio hilo na la Broughton, ingawa vitabu vingi vimefanya hivyo. Upepo haukupiga hatua za kulingana na marudio ya daraja; kujisokota kwenyewe ndiko kulikoufanya upepo uzidi kutia nishati katika kujisokota. Lakini udhaifu ulikuwa katika ukakamavu wa sura. Daraja lililochukua magari bila shida, na lililostahimili kupanda na kushuka kwa miezi minne, lilikuwa na ukakamavu mdogo mno wa kusokotwa. Anayeuliza kama daraja hilo lilikuwa na ukakamavu wa kutosha ameuliza swali lisilojibika mpaka aseme ni katika sura ipi. Daraja lililojengwa badala yake, na kufunguliwa mwaka wa 1950, liliwekewa mihimili ya fremu yenye kimo cha mita 10, yenye kukataa kusokotwa.

Miaka 60 baada ya Tacoma swali lilirudi kwa upole zaidi. Daraja la miguu la Millennium, London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, na siku hiyohiyo likaanza kuyumba ubavuni, mahali pengine kwa kadiri ya milimita 70. Lilifungwa baada ya siku mbili. Wahandisi wa Arup waliwatembeza watu juu yake kwa hesabu, wakiongeza wachache wachache, wakaona kwamba sehemu moja ilitulia mpaka walipofika takriban watu 160. Kisha wachache wakiongezeka, ikayumba ghafla. Ikadhihirika kwamba kila mtembezi, akijizuia asianguke, huisukuma sakafu kwa kadiri ya kasi yake ya kuyumba. Idadi ya watu ambayo daraja huweza kuibeba kwa utulivu hutegemea mambo matatu yanayozidishana: marudio, uwezo wa daraja kuufifisha mtetemo, na tungamo la sura ile ya ubavuni. Hapo tungamo la sura si tarakimu ya kitabuni tena. Ndilo linalogawa watu wanaovuka kwa amani na watu wanaoshikilia kingo kwa hofu.

Dawa nayo ilichaguliwa kwa hesabu hiyohiyo. Baadhi ya sura zilitetema kama mara 0.5 kwa sekunde. Kuyapandisha marudio hayo yawe mara tatu kungetaka ukakamavu wa mara tisa, na kungelibadilisha daraja kabisa. Basi wakaongeza ufifishaji. Vikawekwa vifaa 37 vyenye majimaji mazito, na zaidi ya vitu 50 vizito vilivyofungwa kwa springi, vyenye kutetema kinyume cha daraja. Kitu cha namna hiyo hakipimwi kwa kulinganishwa na tungamo la daraja zima, bali na tungamo la sura inayotakiwa kutulizwa. Lilifunguliwa tena tarehe 22 Februari 2002.

Historia hii yaonyesha wajibu wa majina. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka wa 1990 ni ushahidi kwamba lugha hii imekwisha kuingia katika fani hizi, wala haitatoka. Lakini istilahi mbaya hudumu kama istilahi nzuri. Mfasiri akiandika uzito wa mtetemo, atamrudisha mwanafunzi kabla ya Newton. Akiandika ugumu wa daraja, atamfanya afikiri juu ya jiwe. Hata tungamo na ukakamavu, vikiachwa peke yake, humfanya adhani kwamba kila daraja lina kimoja tu cha kila aina. Kwa hiyo nyongeza ya sura si pambo. Ndiyo inayobeba fikra yenyewe. Na sura yafaa kuliko umbo. Umbo la daraja ni lile lililochorwa na msanifu, nalo ni moja. Sura ni ile ambayo daraja huivaa linapotikisika, nazo ni nyingi. Tena ngeli ya neno tungamo yaruhusu wingi bila taabu: matungamo ya sura, kila moja na mahali pake pa kupimia. Mwanafunzi anayesema hivyo kwa Kiswahili chake mwenyewe amekwisha kusema lile ambalo Bernoulli alilibishania na Rayleigh akalifanyia hesabu, na anapokabidhiwa ramani ya daraja jipya, swali lake la kwanza litakuwa ni sura zipi linaweza kuzivaa.